Kompyuta Kuukuu na Ghala Lililofichika

Wahenga walituusia kwamba usitupe mbachao kwa msala upitao. Usia huo twautamka mara nyingi tunapozungumza juu ya watu na desturi, lakini unazihusu pia mashine zilizomo katika ofisi zetu. Katika baadhi ya stoo, nyuma ya makabati ya chuma na matairi yaliyopasuka, zingali zimekaa kompyuta za miaka ya 1990 zilizofunikwa magunia. Wengi wetu huzipita kama tupitavyo vyuma chakavu. Hata hivyo, kabla mashine ya namna hiyo haijapelekwa mnadani, hapana budi mtu ajiulize: ndani yake mna nini, na mlango wake unafunguliwa kwa amri gani?

Swali hilo tulifundishwa na mzee mmoja, bila ya yeye mwenyewe kukusudia. Mzee huyo alikuwa askari, amestaafu siku nyingi, naye alifika katika masijala moja akiwa na mfuko wa nguo uliojaa karatasi. Haja yake ilikuwa ndogo. Alitaka uthibitisho wa tarehe aliyoandikishwa, ili miaka yake ya utumishi ihesabiwe sawasawa katika malipo ya uzeeni. Daftari la mwaka wake lilikuwa limeliwa na mchwa. Lakini karani mmoja wa zamani alikumbuka kwamba orodha nzima iliwahi kunakiliwa katika kompyuta mwaka 1994, na kwamba mashine yenyewe ingaliko stoo.

Mashine ikatolewa, ikapanguswa vumbi, ikaunganishwa na umeme. Iliguruma, ikaandika kwenye skrini kwamba inaianza MS-DOS, kisha ikakwama. Koplo aliyepewa kazi hiyo, kijana hodari wa kompyuta za leo, akatafuta disketi ya kuamshia iliyotoka katika mashine nyingine kuukuu zaidi, akaiingiza, akawasha tena. Safari hii mashine iliamka. Koplo akaandika amri ya DIR ili aone yaliyomo katika diski C. Mashine ikajibu kwamba haioni faili hata moja. Ndipo alipomgeukia mkubwa wake akasema: "Afande, diski hii ni tupu. Naomba ruhusa niifute yote, niitengeneze upya, tuone kama bado ni nzima."

Alikuwapo mahali hapo sajini mmoja wa mawasiliano aliyezitumia mashine hizo tangu ujana wake. Aliitazama skrini, akauliza swali moja tu: "Kijana, kama diski hii ya megabaiti 80 ni tupu, mbona mashine inasema imebaki nafasi ya megabaiti 2 peke yake?"

Koplo akanyamaza. Kumbe chumba hakina kitu, lakini hata kiti hakiingii! Katika swali hilo ndimo ilimokuwamo miaka yote ya utumishi ya mzee yule. Nasi tumeona inafaa tuwaeleze ndugu zetu askari na polisi siri ya chumba hicho, kwa kuwa mtu yeyote aweza kupewa amri ya kuifungua mashine kama ile.

NAFASI ILIPOKUWA HABA

Yafaa ikumbukwe kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 diski ya kompyuta ilikuwa kitu ghali na chenye nafasi haba. Mashine nyingi za ofisi zilikuwa na diski za megabaiti 40 au 80. Leo hii simu ya mkononi yenye gigabaiti 64 huipita diski ya megabaiti 40 kwa kiasi cha mara 1,600. Ofisi iliyojaza diski yake ilikuwa na njia mbili: kununua nyingine, au kufuta nyaraka za zamani ili zipishe mpya.

Mwaka 1990 kampuni ya Stac Electronics ya California, Marekani, ilileta njia ya tatu. Iliuza programu iitwayo Stacker iliyoyabana mafaili yalipokuwa yakiandikwa katika diski, na kuyakunjua yalipokuwa yakisomwa, bila ya mtumiaji kufanya lolote. Msingi wa elimu hiyo ulikuwa umewekwa mwaka 1977 na wataalamu wawili wa Israeli, Abraham Lempel na Jacob Ziv. Wazo lenyewe ni jepesi kueleweka. Katika orodha ya askari, neno "koplo" na jina la kikosi hurudiwa mamia ya mara. Badala ya kuliandika neno lote kila linapotokea, programu huandika alama fupi yenye maana kwamba rudi nyuma herufi kadhaa, uchukue herufi kadhaa kutoka hapo. Kwa hiyo maandishi ya orodha na barua hubanika sana, ilhali faili lililokwisha kubanwa mara moja halipungui tena.

Wengine hawakukawia kufuata. Mwaka 1991 mfumo wa DR DOS 6.0 ulitoka ukiwa na programu ya namna hiyo iliyoitwa SuperStor. Mwaka 1993 kampuni ya Microsoft ikatoa MS-DOS 6.0 iliyokuwa na DoubleSpace. Stac ilikwenda mahakamani ikidai kwamba ugunduzi wake umetumiwa bila ya idhini. Februari 1994 baraza la wazee wa mahakama huko California liliamua kwamba Microsoft iilipe Stac dola milioni 120. Wakati huo huo liliamua kwamba Stac nayo iilipe Microsoft dola milioni 13.6, kwa kutumia siri ya jinsi MS-DOS ilivyoipakia programu ya kubana mapema kabla ya mengine yote. Mwaka huo huo pande hizo mbili zilipatana. Microsoft ilitoa toleo la 6.21 lisilo na DoubleSpace, kisha toleo la 6.22 lenye programu nyingine iliyoitwa DriveSpace.

Tumeyataja mambo ya kesi kwa sababu moja. Siri iliyogombaniwa, yaani programu ya kubana ipakiwe lini wakati mashine inaamka, ndiyo hasa kiini cha taabu iliyompata koplo wetu.

DISKI NDANI YA FAILI

Diski ilipobanwa, vitu vyote vilivyokuwa katika C viliingizwa katika faili moja kubwa mno. Katika DoubleSpace faili hilo huitwa DBLSPACE.000, katika DriveSpace huitwa DRVSPACE.000, katika Stacker huitwa STACVOL.DSK. Faili hilo hufichwa, lisionekane kwa amri ya DIR ya kawaida, na hutiwa alama ya kwamba ni mali ya mfumo isiyofaa kuguswa.

Mashine inapoamka vizuri, programu ya kubana hulichukua faili hilo na kulionyesha kana kwamba ni diski kamili, kisha hulipa jina la C. Diski halisi, ile ya chuma iliyolibeba faili hilo, hupewa herufi nyingine, mara nyingi H. Basi jina la C hubadilisha mwenyewe. Aliyeitwa C kabla ya programu kupakiwa siye aitwaye C baada yake.

Hapo ndipo palipomkwaza koplo. Disketi yake ilikuwa ya toleo la zamani lisiloijua DoubleSpace. Ilipoiamsha mashine, haikulifungua lile faili kubwa, na aliyeonekana kwa jina la C alikuwa ni diski halisi iliyo uchi. Mafaili yaliyokuwamo yalikuwa yamefichwa, kwa hiyo DIR haikuyataja, lakini nafasi yake ilikuwa imeliwa karibu yote na lile moja. Kama angaliandika DIR /A, amri inayotaja hata vilivyofichwa, angaliliona DBLSPACE.000 likiwa na ukubwa wa megabaiti nyingi. Na kama angaliandika FORMAT, orodha yote ya askari wale ingalipotea kwa dakika chache, naye angaliapa kwa dhamira safi kwamba alifuta diski tupu.

Wapo pia waliowahi kuliona faili hilo na kulidhania takataka. Jina lake halina maana kwa asiyelijua, na ukubwa wake unamshawishi mtu anayetafuta nafasi. Amri ya DELTREE ya MS-DOS 6 hufuta hata faili lililofichwa. Kulifuta faili hilo si kufuta faili moja, bali ni kulichoma ghala zima pamoja na madaftari yake.

AMRI ZA ASUBUHI

Sasa tuziangalie zile amri ambazo mashine huzisoma inapoamka. Zimo katika mafaili mawili ya maandishi ya kawaida ambayo mtu aweza kuyafungua na kuyasoma.

La kwanza ni CONFIG.SYS. Hili husomwa mapema, na kazi yake ni kuupanga mfumo: kumbukumbu ya kazi igawanywe vipi, vifaa gani vipewe viendeshaji vyake, mafaili mangapi yaweza kufunguliwa kwa pamoja. La pili ni AUTOEXEC.BAT. Hili husomwa baada ya la kwanza kumalizika, nalo ni orodha ya amri za kila siku ambazo mtu angaliziandika kwa mkono kila asubuhi: programu zitafutwe wapi, kibodi iwe ya lugha gani, programu gani ianze yenyewe.

Askari hana haja ya kuelezwa sana juu ya jambo hili. Kikosi huamka kwa amri zilizobandikwa ubaoni, nazo hufuatwa kwa mpangilio. Amri ya pili ikitegemea ya kwanza, haiwezi kuitangulia. Na amri ikiwataja watu waliokwisha kuhamishwa, shughuli hukwama mahali hapo. CONFIG.SYS nayo ni hivyo hivyo. Mstari ukimwita kiendeshaji wa kifaa ambacho kimeng'olewa, mashine yaweza kusimama hapo isiendelee.

UBAO UPI UNAOSOMWA?

Katika mashine isiyobanwa, amri hizo zina mahali pamoja tu, yaani katika C. Katika mashine iliyobanwa kuna C mbili, ya kabla na ya baada, na kwa hiyo kuna mbao mbili. Anayetaka kubadilisha amri ni lazima kwanza ajue mashine yake inasoma ubao upi. Wengi wamekesha wakiandika upya CONFIG.SYS, wakizima na kuwasha, wasione badiliko lolote, kumbe waliandika katika nakala isiyosomwa na yeyote.

Jibu linategemea ni lini programu ya kubana ilipakiwa. Katika Stacker ya matoleo ya mwanzo, programu hiyo ilikuwa ni mstari mmojawapo wa CONFIG.SYS. Maana yake ni kwamba mashine iliisoma CONFIG.SYS ya diski halisi, ikafika kwenye mstari wa Stacker, ikalifungua faili kubwa, na majina yakabadilishana. Baadaye AUTOEXEC.BAT ilisomwa kutoka katika C mpya, ile iliyobanwa. Kwa hiyo amri za kwanza zilitoka nje ya ghala na amri za pili zikatoka ndani yake. Mtumiaji aliyeifungua CONFIG.SYS baada ya mashine kuamka aliikuta nakala ya ndani, akaibadilisha, na kesho yake mashine ikaisoma ile ya nje kama kawaida. Ndiyo sababu katika mashine za namna hiyo mtu huangalia nakala zote mbili, na akibadilisha moja, huhakikisha kwamba nyingine imelingana nayo.

Katika MS-DOS 6 yenye DoubleSpace mambo ni tofauti. Faili liitwalo DBLSPACE.BIN hupakiwa na kiini cha mfumo kabla CONFIG.SYS haijasomwa. Ghala hufunguliwa na majina hubadilishana mapema, na mashine huzisoma CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT zote mbili kutoka katika C iliyobanwa. Hii ndiyo ile siri ya kupakia mapema iliyofika mahakamani. Katika diski halisi hubaki mafaili machache tu: yale ya kiini cha mfumo, DBLSPACE.BIN, lile faili kubwa, na jingine dogo liitwalo DBLSPACE.INI linaloeleza ni faili gani lipewe herufi gani. Mtu akiifuta DBLSPACE.BIN akidhani anasafisha, mashine haitaliona ghala. Itatafuta amri katika diski iliyo uchi, wala haitazikuta.

Windows 95, iliyotoka mwaka 1995, iliendeleza njia hiyo hiyo, lakini iliongeza ubao wa tatu. Faili la MSDOS.SYS, ambalo zamani lilikuwa sehemu ya kiini cha mfumo, liligeuzwa kuwa maandishi yenye masharti ya kuamkia. Miongoni mwa masharti hayo limo la kuamua kama programu ya kubana ipakiwe au isipakiwe. Kwa kuwa husomwa kabla ya ghala kufunguliwa, nakala inayotiiwa ni ile iliyo katika diski halisi. Anayetaka kuibadilisha huitafuta katika H, si katika C. Aidha, ndani ya faili hilo mna mistari mingi ya herufi x inayoonekana kama upuuzi. Isifutwe. Imewekwa ili faili lizidi baiti 1,024, kwani zipo programu za zamani zilizolitarajia liwe kubwa kiasi hicho.

Kwa muhtasari, kila amri inayosomwa kabla ya ghala kufunguliwa lazima ikae nje, na kila inayosomwa baadaye hukaa ndani. Mwenye kulishika neno hilo moja hatapotea, hata akikutana na programu ya kubana ambayo hatukuitaja hapa.

MSTARI MMOJA NA MAHALI PAKE

Katika CONFIG.SYS ya mashine yenye DoubleSpace, msomaji atakutana na mistari kama hii:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH,UMB
DEVICEHIGH=C:\DOS\DBLSPACE.SYS /MOVE
FILES=30

Wengi hudhani kwamba mstari wa nne ndio unaofungua ghala, na kwamba ukiondolewa nyaraka zitapotea. Sivyo. Ghala limekwisha kufunguliwa na DBLSPACE.BIN. Mstari huo kazi yake ni kuihamisha tu. DBLSPACE.BIN inapopakiwa mara ya kwanza hukaa kwenye ncha ya juu ya kumbukumbu ya kazi, mahali ambapo baadhi ya programu nyingine huhitaji. Mstari huu huihamisha ikae pa kudumu. Ukiwa haupo, mashine yenyewe huihamisha mwishoni na kuiweka chini, katika kumbukumbu ya kawaida.

Kwa nini basi mtu ajisumbue? Kwa sababu kumbukumbu ya kawaida katika mashine hizo ni kilobaiti 640 tu, hata kama mashine ina megabaiti kadhaa, na programu ya kubana hula kama kilobaiti 40 kati ya hizo. Baada ya kuondolewa hizo na za viendeshaji vingine, programu kubwa ya hesabu au ya orodha yaweza kukataa kuanza kwa kusema kwamba kumbukumbu haitoshi. Amri ya DEVICEHIGH hujaribu kuipeleka mizigo hiyo katika sehemu ya juu. Lakini sehemu ya juu haipatikani mpaka HIMEM.SYS na EMM386.EXE ziwe zimekwisha kuifungua, na DOS=HIGH,UMB iwe imeomba itumiwe. Kwa hiyo mpangilio wa mistari hiyo una maana yake. Mstari wa nne ukitangulizwa, hautapata mahali pa kupanda.

JINSI YA KUIKARIBIA MASHINE

Sajini yule hakuanza kwa kubadilisha kitu. Aliitoa disketi ya koplo, akawasha mashine, na mara maneno ya kuianza MS-DOS yalipotokea akabonyeza F8. Mashine ikaanza kuuliza mstari kwa mstari: niutekeleze huu, ndiyo au hapana? Akajibu ndiyo kwa kila mmoja hadi ilipokwama, akauandika mstari ule katika karatasi. Ulikuwa ni mstari wa kiendeshaji cha kifaa cha mtandao kilichong'olewa zamani. Akawasha tena, akajibu hapana kwa mstari huo mmoja, na mashine ikaamka na ghala lake lote.

Kutokana na kazi yake na desturi za mafundi wa mashine hizo, tunaweza kuorodhesha mambo ya kuzingatia.

Kwanza, usitumie FORMAT, DELTREE, wala programu yoyote ya kutengeneza diski kabla hujajua kama diski imebanwa. Andika DIR /A katika C na katika kila herufi nyingine inayojibu. Ukiona mojawapo ya yale majina matatu, DBLSPACE.000, DRVSPACE.000 au STACVOL.DSK, ujue umesimama mbele ya ghala.

Pili, zijue funguo za dharura. Katika MS-DOS 6, F5 huamsha mashine bila ya kuzisoma CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, na F8 huuliza mstari kwa mstari. Funguo hizo haziizuii DoubleSpace, kwa hiyo ghala hufunguka. Kuanzia toleo la 6.2, ukibonyeza Ctrl pamoja na F5 au F8, hata DoubleSpace haipakiwi. Njia hiyo ya mwisho ni ya anayetaka kuikagua diski halisi peke yake, naye akumbuke kwamba C aionayo hapo siyo C ya kila siku.

Tatu, uwe na disketi ya kuamshia iliyotengenezwa na mashine ile ile, au na toleo lile lile la mfumo. Disketi ya mfumo iliyotengenezwa na MS-DOS 6 hubeba DBLSPACE.BIN, na kwa hiyo hulifungua ghala. Ya toleo la zamani zaidi haiwezi.

Nne, toa nyaraka kwanza, rekebisha baadaye. Faili linalonakiliwa kutoka katika diski iliyobanwa kwenda katika disketi hukunjuliwa lenyewe, na laweza kusomwa na mashine nyingine. Kinyume chake, kulinakili DBLSPACE.000 zima na kulipeleka katika kompyuta ya leo hakutoshi. Windows za siku hizi hazilisomi. Litabaki limefungwa mpaka lipate mfumo uwezao kulifungua. Diski za umri wa miaka 30 hazina ahadi, na kila kuwasha kwaweza kuwa kwa mwisho.

Tano, kabla ya kubadilisha CONFIG.SYS inakili kwa jina jingine, kwa mfano CONFIG.OLD, kisha badilisha jambo moja, uwashe upya, uangalie, ndipo uendelee na la pili. Mstari unaoushuku usiufute. Weka neno REM mwanzoni mwake, nao utarukwa, lakini utabaki ukisomeka kwa ajili ya atakayekuja baada yako.

Sita, usizime umeme kwa pupa. Programu ya SMARTDRV huharakisha kazi kwa kuyashika kwanza maandishi katika kumbukumbu kabla ya kuyaandika katika diski. Katika MS-DOS 6.0 iliweza kumrudishia mtu ishara ya kwamba kazi imekwisha ilhali bado haijaandika yote. Mtu akazima, na katika diski iliyobanwa hasara ya namna hiyo yaweza kuenea. Toleo la 6.2 liliirekebisha tabia hiyo, na likaleta pia ScanDisk ya kukagua diski zilizobanwa. Pamoja na hayo, subiri taa ya diski izimike ndipo ukate umeme.

WAJIBU WA MLINZI

Disketi sita zilijaa jioni ile. Katika ya nne ilikuwamo orodha iliyotafutwa. Koplo mwenyewe ndiye aliyelitafuta jina, akalipata, likiwa na namba ya askari na tarehe ya kuandikishwa. Karatasi ikachapwa, ikapigwa muhuri. Mzee akavaa miwani yake, akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati badala ya mfuko wa nguo aliokuja nao.

Nasi tulimwuliza sajini aliyajuaje mambo yale. Alijibu kwamba hakuwa na elimu ya ajabu, ila alifundishwa zamani kwamba askari anayekabidhiwa ghala huanza kwa kuhesabu vilivyomo, na hesabu isipolingana haweki sahihi. Nafasi ya diski haikulingana na yaliyoonekana. Hakuhitaji zaidi ya hapo ili amzuie koplo.

Tunaona hilo ndilo fundisho la kushikwa. Mashine hizi zinapungua kila mwaka, na waliozitumia wanastaafu pamoja nazo. Lakini majina yaliyoandikwa ndani yake ni ya watu walio hai na ya wajane na watoto wa wale waliokwisha kutangulia. Mwenye funguo za stoo ambamo mashine ya namna hii imelala asiuache mzigo huo kwa mwingine. Aifunue, aiwashe kwa utaratibu tuliouelezea, aangalie ubao upi unaosomwa, na azitoe nyaraka zilizomo zihifadhiwe mahali salama. Baada ya hapo, mashine ikienda mnadani, itakwenda ikiwa chuma kitupu kweli kweli.